Karatasi Haijali Una Magunia Mangapi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa yule dada mwenye fulana ya mradi. Fulana zilibadilika kila mfadhili alipoondoka na mwingine akaja, lakini njia ilikuwa ileile: Kibaigwa kwenye soko la nafaka, Dodoma, Arusha, Namanga mpakani, halafu kurudi. Kazi ilikuwa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa mahindi, wengi wao akina mama, wavushe mzigo kwenda Kenya kihalali na wapate bei ya maana. Siku hizi fulana nimeshaivua. Nanunua na kuuza nafaka kwa mtaji wangu, hivyo nimeonja upande wa anayetoa semina na upande wa anayekaa kuisikiliza huku akiwaza mzigo wake umefika wapi.

Nianze kwa kuwatetea walionilipa, maana siku hizi kuwasema wafadhili vibaya ni rahisi mno.

Fedha za kazi hii zina chimbuko linaloeleweka. Desemba 2005 mawaziri wa nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikutana Hong Kong, na nchi tajiri zikaahidi kuziachia nchi maskini kabisa ziuze bila ushuru wala ukomo wa kiasi kwa angalau asilimia 97 ya aina za bidhaa. Ahadi tamu. Lakini ushuru ukishaondolewa bado kuna viwango, vipimo, vyeti, barabara na bandari, na nchi nyingi zilizopewa ahadi ile hazikuwa na maabara inayoaminika wala maofisa wa kutosha wa kufuatilia kanuni za soko la watu. Ndiyo maana mkutano huohuo ukazindua mpango wa Msaada kwa Biashara. Tangu hapo fedha nyingi zimekwenda kwenye miundombinu na uzalishaji, na fungu dogo sana kwenye sera na taratibu za biashara.

Miundombinu hiyo nimeiona kwa macho. Barabara ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani pamoja na fedha za serikali. Kabla ya hapo, lori la Kibaigwa linaloelekea Namanga lililazimika kupita Kondoa kwenye vumbi na matope, au kuzunguka mbali, kwa mfano Morogoro, Chalinze, Segera, Moshi, mpaka Arusha. Muulize mwenye fuso yeyote tofauti ya mafuta. Desemba mwaka huohuo Marais Magufuli na Kenyatta wakafungua kituo cha pamoja cha forodha Namanga, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja na dereva anasimama mara moja tu, upande anaoingia. Vituo vya namna hiyo viko Holili na Taveta, Mutukula, Rusumo, Tunduma, Busia, na karibu vyote vina mkono wa wafadhili. Anayesema misaada hii ni bure hajawahi kulala kwenye foleni ya malori akisubiri mhuri wa upande wa pili baada ya kukesha kwa mhuri wa upande wa kwanza.

Kwa hiyo mwenye semi alisaidiwa, na alisaidiwa kwelikweli. Mimi lakini sikuajiriwa kwa ajili ya mwenye semi.

Mama ninayemzungumzia ana magunia ishirini, thelathini akiwa na msimu mzuri. Mtaji wake ni mchanganyiko wa vikoba, mkopo wa kaka yake na mauzo ya mbuzi wawili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimfikiria: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni wa bidhaa za humu zilizoorodheshwa, unavuka kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru na bila lazima ya kumlipa wakala wa forodha. Canter iliyojaa mahindi inaingia humo bila shida. Semina nyingi nilizoendesha zilikuwa kuhusu hicho cheti. Tulikuwa na vipeperushi vya rangi, michezo ya kuigiza mpakani, mpaka wimbo tulitunga. Akina mama wakakijua cheti kile kuliko baadhi ya maofisa.

Shida ni kwamba cheti cha uasilia kinajibu swali moja: mzigo huu umetoka wapi? Hakijibu kama mzigo ni salama. Cheti cha usafi wa mimea ni kingine, kibali cha kusafirisha nje ni kingine, na kipimo cha sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka, ni kingine tena. Ule unafuu wa dola 2,000 hauvigusi hivyo. Kwenye vipeperushi vyetu jambo hilo lilikuwa ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo, na mwaka 2021 likahamia ukurasa wa mbele bila kutuomba ruhusa.

Machi 5 mwaka huo, siku ya Ijumaa, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilitoa barua ya kusimamisha mara moja uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakaanza kujipanga Namanga. Simu yangu siku zile ilikuwa haipoi. Wengine walikuwa wameshapokea malipo ya awali kutoka Nairobi, wengine mahindi yalikuwa juu ya gari la kukodi na gharama inahesabiwa kwa siku. Siku chache baadaye, Machi 10, zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila mzigo uje na cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei, Rais Samia alipokwenda Nairobi, mahindi ya mpakani yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa.

Huku kwetu watu wengi waliliona lile kama hila ya kulinda soko. Labda hila ilikuwamo, sijui mioyo ya watu. Lakini Kenya ina sababu ya kuogopa. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 Makueni, Kitui na maeneo jirani, kati ya wagonjwa 317 waliojulikana. Nasi tusijifanye hayatuhusu: mwaka 2016 Dodoma na Manyara ziliwazika watu wapatao 20 kwa sumu hiyohiyo, na walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe. Kongwa ninakonunua ni Dodoma hiyohiyo. Na kuhusu kufunga mipaka, sisi nasi tumewahi kuzuia mahindi yetu yasitoke, mwaka 2011 na 2017, kwa hoja ya usalama wa chakula, na mkulima akabaki anatazamana na gunia lake. Kwa hiyo mfanyabiashara mdogo amezoea kufungiwa na pande zote mbili.

Niseme sasa kuhusu hicho kipimo chenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifungua macho.

Wanaojua gunia wanajua bambo: chuma kifupi chenye ncha na mfereji ndani. Unalichoma gunia, linatoka na punje, tundu unaliziba kwa kusugua nyuzi kwa ncha ileile. Madalali wa Kibaigwa wanalitumia kama daktari anavyotumia kipimo chake cha masikioni. Mzee mmoja dalali alinitazama siku tulipoanza kupima ghalani, akachukua punje tatu, akang'ata moja, akatema. "Mwanangu, hii ina maji. Mpaka ya kumi na nne hivi." Kipima unyevu kikasema 14.2. Tukacheka sote. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo jino la mzee lilikuwa limeshalikataa gunia lile kihalali kabisa. Lakini nilipomuuliza kuhusu sumukuvu akatikisa kichwa. Hiyo haing'atiki.

Haing'atiki, haionekani, hainuki, na haikai sawasawa. Ukungu unaoitoa, Aspergillus flavus, huenda ukashambulia punje chache tu katika gunia zima na punje hizo zikabeba karibu sumu yote. Gunia la jirani likawa safi kabisa. Ofisa akichoma magunia matatu ya juu kwenye semi yenye magunia 300, anachopima ni bahati ya mwenye mzigo. Sisi tulilazimika kuchoma kila gunia, juu, kati na chini, kumwaga punje zote kwenye turubai, kuchanganya, kugawa mafungu manne, kutupa mafungu mawili yanayotazamana, kuchanganya tena, kugawa tena. Kinachobaki kinasagwa chote, unga unapimwa kwenye mizani ndogo, unatikiswa na spiriti iliyochanganywa na maji, unaachwa utulie, ndipo utepe unachovywa. Baada ya dakika chache kimashine kinasoma namba. Kazi yenyewe iko kwenye bambo na turubai. Kimashine kinamalizia tu, ingawa kwenye picha za ripoti ni chenyewe kilichopigwa kila mara, na mtu mwenye koti jeupe pembeni.

Sasa hesabu. Tuseme kipimo na cheti vinagharimu shilingi laki moja kwa mzigo. Nachukua namba rahisi tu ili tuelewane. Mwenye semi ya magunia 300 anabeba takriban shilingi 330 kwa gunia. Yule mama mwenye magunia 20 anabeba 5,000 kwa gunia. Na faida ya gunia moja, ukishatoa usafiri, kupakia, kushusha, ushuru wa halmashauri na dalali, mara nyingi haifiki mbali na hapo. Karatasi ni ileile, muhuri ni uleule, na haijali una magunia mangapi. Kwa kumwekea sharti la haki kabisa la usalama wa chakula, tulikuwa tumemwambia aidha akue ghafla mara kumi na tano, au aende njia ya panya. Wengi wakaenda njia ya panya. Bodaboda, magunia mawili mawili, usiku, na mnunuzi wa upande wa pili anajua kuwa huna karatasi, kwa hiyo bei anapanga yeye.

Jibu la miradi kwa haya yote lilikuwa mafunzo zaidi. Nayasema haya bila hasira, kwa sababu naelewa kwa nini. Mtu aliyefundishwa anahesabika. Anasaini karatasi ya mahudhurio, unamgawa kwa jinsia na umri, unaandika "wanufaika", na ripoti ya robo mwaka inapendeza. Ukumbi wa hoteli Arusha, chai ya saa nne na sambusa, chakula cha mchana, nauli, posho, swali la majaribio asubuhi na swali la majaribio jioni kuonyesha uelewa umepanda. Na kweli unapanda. Katika moja ya semina hizo nilimaliza kueleza sehemu kwa bilioni kwa vielelezo vyangu vyote, mama mmoja wa Kongwa akanyoosha mkono.

"Dada, hayo ya sumu nimeyaelewa, asante. Sasa hicho kipimo nani analipa?"

Ukumbi mzima ukaguna kwa kukubaliana. Mtaalamu aliyekuja kutoka mbali akaandika swali kwenye bango la karatasi, chini ya "mambo ya kujadili baadaye", na baada ya chakula bango likakunjwa.

Swali lile lilikuwa na pacha wake ambalo halikuulizwa ukumbini ila sokoni niliambiwa kila wiki: nikishapima na mahindi yakawa safi, nani ananiongezea bei? Hakuna. Mnunuzi wa kawaida anatazama weupe, ukavu na uzito, na akipata upenyo anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ingawa sheria ya vipimo inalikataza. Mkulima aliyeanika kwenye turubai, aliyepukuchua kwa mashine badala ya kulipiga gunia kwa fimbo mpaka punje zinapasuka na kukaribisha ukungu, anauza bei moja na jirani yake aliyeanika barabarani. Unaweza kumfundisha mtu huyo mara tatu kwa mwaka. Anajua tayari. Anachokosa ni sababu ya kifedha ya kufanya anachokijua.

Kuna jambo lilinikaa kichwani nilipokuwa nasoma Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, ule wa Shirika la Biashara Duniani ulioanza kutumika Februari 2017. Nchi inayoendelea inaruhusiwa kugawa masharti ya mkataba katika makundi, na yale ya kundi C inasema wazi: haya nitayatekeleza baada ya muda, na baada ya kupewa msaada wa kuniwezesha. Naona ni utaratibu wa heshima. Serikali inaweza kuliandikia shirika hilo Geneva kwamba uwezo haijapata, na ikasubiriwa. Mama wa magunia ishirini hana kundi C. Sharti linamfikia kwenye kizuizi, saa kumi alfajiri, na linaanza kutumika hapohapo.

Kilichofanya kazi, kwa nilichokiona mimi, hakikuwa na jina kubwa. Kikundi kimoja cha wafanyabiashara na wakulima kiliamua kukusanya mzigo kwenye ghala moja na kupakia semi moja kwa jina la kikundi. Karatasi moja, gharama ikagawanywa kwa magunia yote. Lakini kukusanya kuna hatari yake, maana gunia bovu la mmoja linaangusha mzigo wa wote. Kwa hiyo kila mwanachama alipewa alama ya rangi, magunia yake yakachomwa bambo mlangoni kabla ya kuingia ghalani, na yakivuka kiwango hayaingii. Mradi wetu ulitoa kimashine, tepe za kuanzia, mizani na mashine ya kusagia sampuli. Sheria za mlangoni walitunga wenyewe, na zilikuwa kali kuliko ambazo ningethubutu kupendekeza.

Sheria hizo zilijaribiwa mapema kuliko tulivyotarajia. Kati ya waliozuiwa msimu wa kwanza alikuwamo mwenyekiti. Kijana aliyekuwa anapima, ambaye ni mtoto wa jirani yake, alisoma namba mara mbili kabla ya kusema.

"Mwenyekiti, shikamoo. Ya kwako yamesoma 31."

"Marahaba. Rudia."

Akarudia, mbele ya watu. Ikaja 28. Mwenyekiti akasimama pale na mikono nyuma kwa muda, kisha akaita mkokoteni. Akayarudisha nyumbani, yeye na familia yake wakamwaga yote chini na kuchambua kwa mkono siku mbili nzima, wakitoa zilizopasuka, zenye ukungu, zilizobadilika rangi na zilizodumaa. Kuchambua kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu ileile niliyosema kwamba inakaa kwenye punje chache. Alipoyarudisha yalisoma 7. Baada ya siku ile sikuhitaji tena kumfundisha mtu yeyote pale kuchambua mahindi.

Hapo ndipo lilipoibuka swali ambalo hakuna mradi niliofanyia kazi uliokuwa na kisanduku cha kulijaza. Zile punje zilizochambuliwa zilikwenda wapi? Mwenyekiti alisema kwa kuku. Mwingine alisema pombe. Mwingine alinyamaza, na katika nyumba ambayo imebakisha debe mbili mpaka mavuno, ukimya huo naujua. Na magunia yaliyokataliwa mpakani, je? Yanageuzwa, yanauzwa Arusha, Dodoma, popote pasipopimwa, tena kwa bei ya kutupa, kwa hiyo yanafika kwa mlaji maskini zaidi. Tulikuwa tunajenga uwezo wa kumpelekea mlaji wa Nairobi mahindi safi, na kwa kazi hiyohiyo tunambakizia mtoto wa Kongwa kile kilichotolewa. Sumukuvu haichagui pasipoti. Ikila ini la mtu kwa miaka mingi huleta saratani, na hilo haliandikwi kwenye takwimu za mauzo ya nje.

Kwa sababu hiyo siku hizi mtu akiniuliza maoni kuhusu mradi wa biashara ya mazao, namuuliza kwanza kipimo kitakaa wapi. Kikikaa mpakani, kitakuwa kizuizi kwa mdogo na chujio linalorudisha uchafu nyumbani. Kikikaa kwenye ghala la kijiji, kabla mahindi hayajachanganywa, kinakuwa chombo cha mkulima cha kurekebisha: anika tena, chambua, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, pima tena. Mradi wa TANIPAC wa Wizara ya Kilimo, uliopata fedha za GAFSP, mfuko wa kimataifa wa kilimo na usalama wa chakula, kupitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulijikita kwenye sumukuvu kuanzia shambani na ghalani, na kwa mawazo yangu upande huo ndio sahihi, hata kama majengo huzinduliwa haraka kuliko yanavyopata watu wa kuyaendesha.

Maana hapo kwenye kuendesha ndipo nimezika vifaa vingi. Tepe za kupimia nyingi zinataka kukaa kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8, zina tarehe ya kuisha, na huagizwa nje. Kituo kimoja tulichokikabidhi kwa sherehe, na utepe mwekundu, na mgeni rasmi, nilikipitia mwaka uliofuata nikakuta friji ina soda. Tepe zilikuwa zimekwisha muda, bajeti ya kununua nyingine ilikuwa imeandikwa chini ya "uendelevu", na chini ya neno hilo hapakuwa na jina la mtu wala kiasi cha fedha. Kimashine chenyewe kilikuwa kizima, bado kwenye boksi lake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma vizuri sana.

Kikundi cha mwenyekiti kiliepuka hayo kwa njia ambayo isingepita kwenye andiko la mradi. Kijana mpimaji aligundua kuwa mtengenezaji wa chakula cha kuku wa mjini anahitaji kupima malighafi na anachoshwa na kusubiri majibu kutoka mbali. Wakaanza kumpimia kwa malipo. Baadaye mwenye mashine ya kukoboa na kusaga naye akaja. Fedha za hao wa nje zikawa zinanunua tepe, na wanachama wakawa wanakatwa kiasi kidogo kwa kila gunia linaloingia, kwa gunia na si kwa mzigo. Mwenye kumi analipa ya kumi. Nilipoona lile nilipendekeza kwa waliokuwa juu yangu kwamba ada za vyeti zote zingefuata uzito wa mzigo, na fedha za wafadhili zizibe pengo la wadogo badala ya kulipia kumbi. Nilijibiwa kwamba kulipia ada za watu si kuwajengea uwezo, kunaleta utegemezi. Posho ya semina iliendelea kulipwa.

Nakiri hoja ya utegemezi ina uzito wake, ila naiona inatumika kwa upendeleo. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni ruzuku kwa mwenye semi kila siku anapopita, na hakuna anayemwita tegemezi. Jengo la forodha ni ruzuku. Ukifika kwa mama wa magunia ishirini ndipo ghafla tunakumbuka kumfundisha kuvua samaki, naye ana nyavu, mtumbwi na samaki wenyewe, amekwama kwenye kibali cha kuingia mnadani.

Mwanzoni mwa 2025 fedha za Marekani zilisimamishwa, na kufikia Julai shirika lao la misaada lilikuwa limefungwa kama chombo kinachojitegemea. Uingereza nayo ikatangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Rafiki zangu kadhaa wa Arusha walipoteza kazi ndani ya wiki chache, magari meupe yakapungua barabarani, na hoteli zikashusha bei ya kumbi. Sikusherehekea. Miradi ile ilikuwa na watu makini, na kuna mambo ambayo kikundi cha kijiji hakiwezi kuyafanya: kuithibitisha maabara ya taifa ili majibu yake yakubalike Nairobi bila kupimwa upya, kukaa na wenzao wa Kenya wakubaliane njia moja ya kuchukua sampuli, kusimamia kanuni isibadilike Ijumaa jioni. Hapo ndipo ningependa kila dola iliyobaki iende, hapo na kwenye gharama ya kipimo cha mdogo.

Kikundi bado kinapima. Mtengenezaji wa chakula cha kuku bado analipa. Mimi ni mwanachama wa kawaida sasa, nina alama yangu ya rangi, na msimu uliopita magunia yangu manne yalirudishwa mlangoni na kijana yuleyule, kwa adabu zote. Kinachotugawa ni hoja iliyoletwa na yule mama aliyeuliza ukumbini nani analipa. Anataka mahindi yanayouzwa hapahapa Kongwa nayo yapimwe kama ya Nairobi, na yaliyochambuliwa yanunuliwe na kikundi na kuharibiwa badala ya kurudi majumbani. Mwenyekiti anasema ni jambo jema lakini makato yatapanda maradufu na wanachama watakimbia. Mama anamjibu kwamba shilingi mia mbili zaidi kwa gunia hazijawahi kumkimbiza mtu. Kikao kilichopita tuliahirisha kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na turubai zilikuwa nje. Kijacho hoja imo kwenye ajenda, namba mbili, baada ya hesabu za tepe, na kura yangu iko kwa mama.